Laina za Silinda na Jinsi ya Kuzitia Katika Injini

(Hotuba kwa wenye matrekta, wenye vinu vya kusaga na mafundi wa Mabanga)



Mwezi wa Februari katika sehemu za Bungoma na Kitale ni mwezi wa vumbi. Jua ni kali, mabua ya mahindi ya mwaka uliopita yamekauka, na matrekta huenda na kurudi mashambani yakiupindua udongo, kwa maana mvua kubwa zikianza mwezi wa Machi yapasa shamba liwe tayari kupokea mbegu. Katika siku hizo trekta moja halilimi shamba la mwenyewe tu. Majirani wengi hulingojea kwa zamu, na kila mmoja amekwisha kuhesabu siku yake. Likiharibika, hasara si ya mtu mmoja. Na huko Trans-Nzoia, ambako mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka, aliyekosa kupanda kwa wakati wake hana nafasi ya pili mpaka mwaka mwingine ufike.

Mabanga ni mahali palipozoea mafunzo. Wakulima wengi wamefika katika chuo chake cha kilimo kusikiliza habari za mbegu bora, mbolea, ng'ombe wa maziwa na utunzaji wa udongo. Lakini injini nayo ni sehemu ya shamba, na gharama ya kuitengeneza hutoka katika mfuko ule ule unaonunua mbolea. Kwa hiyo maneno haya ni juu ya kipande kimoja cha injini ambacho watu wengi hawakioni kwa macho maisha yao yote, ila hulipa fedha nyingi kwa ajili yake. Kipande hicho ni laina ya silinda, ambayo mafundi wengine huiita slivu.

Kazi ya silinda

Silinda ni tundu la mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini ya dizeli hakuna plagi ya kuwasha moto. Pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ikae katika nafasi ndogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita ya nafasi yake ya kwanza au hata ndogo kuliko hiyo. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto kali mno, na dizeli inaponyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Nguvu ya moto huo huisukuma pistoni chini, na ndiyo nguvu inayolivuta plau.

Basi mtu aweza kuona kwamba kazi yote yategemea jambo moja: hewa isipate mahali pa kupenya. Pistoni haiizibi silinda peke yake, bali huzibwa na ringi zinazoizunguka na kuusugua ukuta wa silinda. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 2,000 kwa dakika hiyo. Kwa siku ya kulima saa kumi, hiyo ni mara 1,200,000. Hakuna chuma kiwezacho kusuguliwa hivyo siku hata siku bila kulika.

Tena ukuta wa silinda hauliki sawasawa. Hulika zaidi sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapofika mwisho wa safari yake, kwa sababu hapo moto ni mkali, mgandamizo ni mkubwa, na oili ni kidogo. Hulika pia upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuwa konrodi huisukuma pistoni ubavuni. Kwa hiyo silinda iliyozeeka haiwi duara kamili tena. Fundi akipitisha ukucha wake karibu na mdomo wa silinda, huhisi kingo iliyobaki pale ambapo ringi haifiki.

Adui mkubwa wa silinda ni vumbi. Punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda, nazo zikipita katika chujio la hewa lililotoboka, au mpira wa hewa uliopasuka, huchanganyika na oili na kuwa kama msasa. Injini ambayo ingefanya kazi miaka mingi yaweza kumalizika katika msimu mmoja kwa sababu ya mpira uliofungwa kwa kamba.

Namna tatu za silinda

Watu wengi hudhani kwamba injini zote zimeumbwa kwa namna moja. Sivyo. Kuna namna tatu, na anayetaka kununua vipuri lazima kwanza ajue injini yake ni ya namna gani.

Namna ya kwanza ni ile isiyo na laina kabisa. Silinda imechongwa katika bloki yenyewe. Trekta la Ford 5000, kwa mfano, liliundwa hivyo. Silinda zake zikilika, bloki hupelekwa kwenye mashine, ikachongwa ili tundu liwe kubwa kidogo, labda kwa sehemu 20, 30 au 40 za elfu ya inchi, kisha hutiwa pistoni kubwa kuliko zile za kwanza. Bloki ikikwisha kuchongwa mpaka kikomo chake, bado yaweza kuokolewa kwa kuchongwa zaidi na kutiwa laina.

Namna ya pili ni laina kavu. Hii ni bomba jembamba, unene wake milimita chache tu, linaloingizwa ndani ya tundu la bloki. Huitwa kavu kwa sababu maji ya kupoza injini hayaigusi. Joto lazima litoke katika laina, liingie katika bloki, ndipo lifikie maji. Injini nyingi za Perkins zenye silinda tatu, zilizowekwa katika matrekta ya Massey Ferguson 35 na 135, zina laina za namna hii. Laina kavu nazo ni za aina mbili. Iko ile inayobana sana, ambayo haiingii ila kwa presi, na ambayo huchongwa ndani baada ya kuingizwa. Na iko ile iliyokwisha kutengenezwa kamili kiwandani, ambayo huingia kwa kusukumwa taratibu na haihitaji kuchongwa tena. Baadhi ya injini za Isuzu hutumia laina nyembamba za aina hii ya pili.

Namna ya tatu ni laina ya maji. Hii ni nene, kwa kuwa yasimama yenyewe bila ukuta wa bloki nyuma yake, na maji ya rejeta huizunguka na kuigusa. Juu ina ukingo unaokalia kiti kilichochongwa katika bloki. Chini huzibwa kwa pete za mpira au kwa gasketi, ili maji yasishukie kwenye oili. Trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, lililotengenezwa huko Coventry, Uingereza, tangu mwaka wa 1946 mpaka mwaka wa 1956, lilikuwa na laina za maji, na hiyo ni sababu moja iliyowafanya wakulima wengi wa dunia walipende: injini yake iliweza kufanywa upya shambani bila kupeleka bloki mjini. Matrekta ya John Deere pia hujulikana kwa laina za maji.

Kila namna ina faida yake na hasara yake. Bloki yenye laina kavu ni imara, na maji hayana njia ya kupita pembeni mwa laina, lakini kuibadilisha kwahitaji presi, na mara nyingi mashine ya kuchonga. Laina ya maji hupoa vizuri na hubadilishwa kwa vyombo vichache, lakini fundi mzembe huweza kuharibu injini nzima kwa pete moja ya mpira iliyojikunja.

Kupima kwanza

Injini ikianza kutoa moshi wa buluu, ikila oili, ikipumua moshi kwenye mdomo wa kutilia oili, na ikikataa kuwaka asubuhi, watu wengi husema, "Tia ringi mpya." Pengine hilo latosha. Lakini ringi mpya zilizo duara, zikitiwa katika silinda isiyo duara, haziwezi kuziba. Mwenye trekta atalipia ringi mwezi wa Januari, na mwezi wa Machi atalipia laina, pamoja na ringi nyingine. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo silinda ipimwe. Fundi na apime kwa maikromita ya ndani, mahali patatu: juu, katikati na chini. Kila mahali apime mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Vipimo sita hivyo vilinganishwe na kitabu cha injini. Ikiwa fundi hana kipimo, mwenye trekta asione haya kumwuliza atajuaje kwamba silinda imelika. Jicho haliwezi kuona elfu ya inchi.

Kutia laina kavu

Laina ya zamani ikikwisha kutolewa, tundu la bloki husafishwa mpaka ling'ae, kisha hupimwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Punje moja ya kaboni au kutu ikibaki nyuma ya laina, laina itavimba mahali hapo kuelekea ndani, na pistoni itasugua uvimbe huo mpaka ishike. Tena palipo na uchafu au hewa, joto halipiti kwenda kwenye bloki. Laina hupata joto jingi mahali pamoja, oili hukauka, na ukuta hukwaruzika. Kwa sababu hiyo hiyo isipakwe gundi wala grisi nzito. Oili nyepesi kidogo yatosha, kama kitabu kinavyoruhusu.

Laina inayobana huwekwa wima kabisa juu ya tundu, ikasukumwa kwa presi bila kusita. Ikianza kwenda upande, itolewe na kuanzishwa upya. Wako mafundi wanaoigonga kwa nyundo juu ya kipande cha gogo. Laina ya chuma cha kusubu ni kama chungu: yaweza kupata ufa usioonekana, ambao utafunguka siku ile injini itakapopata moto chini ya mzigo. Afadhali kulipa nauli ya kupeleka bloki Bungoma au Kitale kwenye presi, kuliko kulipia laina mara mbili.

Baada ya kuingia, laina ya aina hiyo huchongwa kwa kipimo cha pistoni, kisha husuguliwa kwa mawe ya silinda ili ukutani ibaki mistari myembamba inayopishana. Mistari hiyo si ya pambo. Huhifadhi oili, na husaidia ringi mpya kukaa. Laina zilizopakwa kromu hazisuguliwi hivyo. Huachwa kama zilivyotoka kiwandani.

Kisha silinda ioshwe. Watu wengi huosha kwa mafuta ya taa au petroli, wakadhani kazi imekwisha. Mafuta hayo huondoa oili, lakini unga wa jiwe hubaki katika mistari. Inafaa kuosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mara mbili au tatu, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ndani kitoke cheupe. Hapo hapo ikaushwe na kupakwa oili safi, maana chuma kilichooshwa hushika kutu upesi.

Kutia laina ya maji

Kazi hii huanza kwa kumwaga maji na oili, kuondoa hedi na sampu, na kutoa pistoni. Laina huvutwa juu kwa chombo chake kinachoshika ukingo wa chini. Ndani ya njia za maji huonekana kutu na matope ya miaka mingi, na yote hayo yatolewe. Kiti cha juu na mahali pa pete za chini pasafishwe mpaka chuma kionekane, bila kukwaruzwa kwa patasi.

Halafu laina mpya huingizwa kwanza bila pete za mpira. Yapasa iingie kwa mkono na kuzunguka kwa mkono. Isipozunguka, kuna uchafu uliobaki. Ikiisha kukaa kitini, hupimwa kiasi inachojitokeza juu ya uso wa bloki. Kipimo hiki ni kidogo sana, mara nyingi elfu chache tu za inchi, lakini ndicho siri ya kazi yote. Hedi inapokazwa, hukalia ukingo huo na gasketi hubanwa barabara. Laina ikizama, gasketi haibanwi, na moto hupenya mpaka kwenye maji. Ikijitokeza kupita kiasi, ukingo huweza kukatika. Ikiwa imezama, huinuliwa kwa kuweka pete nyembamba za shimu chini ya ukingo. Tena laina zote za injini moja zilingane, isiwe moja juu na jirani yake chini.

Baada ya kupima, laina hutolewa, ikavishwa pete za mpira. Pete ziwe mpya, zisijikunje, na zilainishwe kwa kitu kilichotajwa na mtengenezaji. Kisha laina husukumwa kwa nguvu ya mikono, polepole na wima. Ikigoma ghafula, yumkini pete imekatika, nayo itolewe na kutazamwa. Ikiisha kuingia, ishikiliwe kwa bolti na washa pana, ili krenki ikizungushwa isiinuke na kuachia pete zake.

Liko jambo moja ambalo halina gharama lakini wachache hulifanya. Kabla ya kurudisha sampu, njia za maji na zijazwe maji, na injini iachwe saa kadhaa, au hata usiku kucha. Asubuhi fundi atazame chini kwa taa. Tone moja likionekana, kazi irudiwe. Asiyefanya hivyo ataliona tone hilo baadaye, ndani ya oili, ambayo itageuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailindi beringi, na krenki huharibika pamoja na laina.

Maji gani yatiwe?

Wakulima wengi wa nyanda za juu husema kwamba dawa ya rejeta ni kwa nchi za barafu, na kwa kuwa maji ya Kitale hayagandi ndani ya injini, maji ya mtoni yatosha. Fikira hii imeua laina nyingi. Laina ya maji hutikisika kila moto unapowaka ndani yake. Mtikisiko huo hufanya vipovu vidogo upande wa nje, navyo vikipasuka huuma chuma kidogo kidogo, mpaka vitundu vitokee na kupenya ndani. Dawa iliyo sahihi huweka utando unaokinga chuma, huzuia kutu, na hufanya maji yachelewe kuchemka.

Faida hii ya mwisho si ndogo. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na mahali kama hapo maji yaliyo wazi huchemka yakifika joto la digrii 94 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzuri huyaongezea maji mgandamizo yasichemke mapema. Anayefunga rejeta kwa kitambaa au kwa kifuniko cha kopo anaipika injini yake.

Siku za kwanza

Injini iliyotiwa laina mpya ni kama ng'ombe dume anayefundishwa kazi. Asipewe mzigo mzito siku ya kwanza, wala asiachwe amesimama siku nzima. Injini inayonguruma polepole kwa saa nyingi bila kazi haizikalishi ringi. Ukuta huwa laini kama kioo, na oili itaendelea kuliwa. Ipewe kazi ya kiasi, ibadilishwe mwendo mara kwa mara, itazamwe maji na oili kila siku, na oili ya kwanza imwagwe mapema. Hedi ikazwe tena ikiwa kitabu chaagiza hivyo.

Mwisho, na achukuliwe mfano wa ndugu wawili wenye trekta moja. Mavuno yamekwisha, na trekta limeanza kutoa moshi. Mmoja asema lipelekwe kwa fundi mwezi wa Desemba, silinda zikapimwe. Wa pili asema lingali linalima, na fedha zitumike kwa jambo lingine. Wakimfuata wa kwanza, watakuwa na majuma mengi ya kutafuta laina iliyo sahihi, kuipima, kuijaza maji usiku kucha, na kurudia kazi ikiwa imekosewa. Wakimfuata wa pili, trekta litasimama katikati ya shamba la jirani siku mawingu yanapokusanyika juu ya Mlima Elgon. Hapo hakuna atakayesubiri kipimo. Nyundo itachukuliwa, laina itagongwa, na kila mtu atasema, "Fanya upesi, mvua inakuja."

Injini haijui kwamba mvua inakuja. Yajua tu kama laina yake imekaa wima, safi na kwa kipimo. Basi kila mwenye trekta au kinu katika Mabanga na asikilize injini yake sasa, wakati ghala limejaa na siku bado ziko.